Siga imeziba, imepasuka, inaungua upande: kosa ni la msokotaji au la kasha lako?

Malalamiko kuhusu siga za bei ghali ni yale yale. Haivutiki. Inaungua upande mmoja. Jani limefumuka kabla ya kufika katikati. Boksi zima la ishirini na tano, tano za kutupa. Na hukumu huwa moja: siku hizi viwanda vimelegea. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, siga ilitoka kiwandani nzima, ikaharibikia njiani, dukani, au kwenye kabati la mwenyewe, na hapo kubadilisha chapa hakusaidii kitu.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, visababishi vinaanza na kile kinachotokea sana na kuishia na kile cha nadra. Usiruke vipimo vya mwanzo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotenganisha kosa la msokotaji na kosa la hifadhi.

Kwanza, maumbile. Siga iliyosokotwa kwa mkono ina tabaka tatu: majani ya ndani, ambayo hubeba nguvu na sehemu ya ladha, jani la kufungia, linaloyashika yasitawanyike, na jani la nje, lile laini unaloliona. Upande wa mdomoni unaitwa kichwa, upande wa kuwasha mguu. Kuba, msokotaji mmoja hufanya kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaragua na Jamhuri ya Dominika, kazi hiyo mara nyingi hugawanywa kwa wawili: mmoja hufunga majani ya ndani, mwenzake huvisha jani la nje. Kwa hiyo siga yaweza kuwa na ngozi safi isiyo na mshipa na bado tumbo lake likawa bovu. Uzuri wa nje usikuhadae.

Kabla ya dalili yoyote: pima unyevu

Siga hukaa vizuri kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 16 hadi 21 za Selsiasi. Mimi napenda upande wa chini, 65, na kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ningesema hata 62 si dhambi. Hewa ya pwani yenyewe mara nyingi imezidi 75, kwa hiyo kazi ya kasha, yaani sanduku la kuhifadhia siga, huku ni kuzuia unyevu usiingie. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi kavu na baridi, wanaohangaika kuongeza maji. Ukiyafuata yalivyo ukiwa Tanga, utapika siga zako kwa mvuke.

Nairobi na Arusha, miezi ya kiangazi huleta tatizo la kinyume. Vivyo hivyo kwa aliyeko Maskati au Dubai: nje joto lenye unyevu, ndani kiyoyozi kinachokausha kila kitu. Na aliyeko London au Toronto wakati wa baridi, mitambo ya kupasha joto nyumba hukausha hewa kiasi kwamba siga iliyoachwa mezani hupasuka kwa muda mfupi.

Usiamini kipima unyevu kilichokuja na kasha, hasa cha mshale. Kikague hivi: weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, dondoshea maji kidogo hadi iwe tope, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, uache usiku kucha mpaka kesho yake, mahali pasipo jua. Ndani ya mfuko hewa itatulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 69, kinasoma pungufu kwa 6. Andika tofauti hiyo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike nyuma yake. Kipimo hiki hakina gharama na kimeokoa masanduku mengi kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kisha bonyeza siga taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, ukitembea kutoka mguu hadi kichwa. Iliyo sawa hunepa kidogo na kurudi. Iliyolowa hunepa na kubaki hivyo. Iliyokauka hulia. Ukikuta sehemu moja ngumu katikati ya siga laini, ikumbuke, tutairudia.

Siga zilizosafiri, hasa kwa ndege, zipumzishe kwenye kasha wiki mbili hadi nne kabla ya kuzihukumu.

Dalili: haivutiki, imeziba

Hii ndiyo inayoongoza kwa lawama, na ndiyo inayouma zaidi, maana siga isiyopitisha hewa haina ladha ya kuzungumzia.

*Unyevu kupita kiasi.* Majani yakinywa maji huvimba, na ndani ya siga hakuna pa kuvimbia isipokuwa kwenye vijia vya hewa. Nairobi, itoe kwenye nailoni yake, iweke kwenye boksi tupu la mbao kwa siku moja au mbili, ujaribu tena. Pwani njia hiyo haifanyi kazi, kwani chumba chenyewe kina unyevu kuliko kasha. Huku tumia chombo cha plastiki chenye mpira kwenye mfuniko, tia ndani kifuko cha kurekebisha unyevu cha asilimia 62 au 65, ufunge, uache wiki mbili. Nasema wazi: kwa mtu wa pwani, chombo cha jikoni kisichopitisha hewa kinalinda siga kuliko kasha la mbao la kuringia lenye mfuniko unaocheza.

*Mkato mdogo.* Kwenye kichwa cha duara, kata milimita mbili hivi, pale kichwa kinapoanza kuinama. Usishuke chini ya mstari ambapo kile kikofia cha jani kinaishia, jani la nje litafumuka. Siga yenye kichwa kilichochongoka inahitaji mkato mkubwa zaidi. Anza na milimita tano, vuta kabla ya kuwasha, ongeza kidogo kidogo. Ile tundu ndogo ya kutoboa kwa kekee haifai kwa siga yoyote yenye dalili ya kuziba.

*Fundo.* Hapa ndipo ile sehemu ngumu inapohusika. Ni mahali ambapo majani yalipindana au kurundikana wakati wa kufunga. Iviringishe taratibu kati ya vidole kwa nusu dakika, ukisukuma pembeni badala ya kuminya. Isipolegea, tumia chuma chembamba kilichonyooka: kifaa maalumu kama unacho, au spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha, ikaoshwa na kukaushwa. Ingiza kutokea kichwani, katikati kabisa, ukizungusha huku ukisogeza. Vuta nje, utaona vumbi na vipande. Jaribu hewa. Rudia. Haraka ndiyo inayotoboa jani la nje.

*Majani yamekunjwa vibaya au yamejazwa mno.* Mfungaji mzuri huviringisha kila jani la ndani kivyake liwe bomba, kisha huyakusanya; hewa hupita ndani ya kila bomba na kati yao. Njia hiyo inaitwa entubado na inataka muda. Njia ya mkato ni kuyalaza majani moja juu ya jingine na kuyakunja yote pamoja. Siga ya namna hii yaweza kuvutika vizuri, lakini nafasi ya kukosea ni kubwa. Wakati mwingine mshipa mnene wa jani haukutolewa, nao ukalala katikati kama kizibo. Hapa spoki hupunguza tatizo, haiondoi.

*Lami ya mwishoni.* Siga ilianza vizuri, ikaziba theluthi ya mwisho. Hilo si kosa la mtu. Moshi umeacha mafuta na maji karibu na kichwa. Kata tena milimita tatu au nne, endelea.

Simama hapa: spoki ikigonga ugumu usiopenyeka kabla ya nusu ya siga, iache. Usiivute kwa nguvu zaidi. Kuvuta kwa nguvu huleta moshi wa moto na uchungu, hupandisha joto la kaa, na jani la nje hupasuka. Weka siga hiyo pembeni na pete yake, ule utepe wa karatasi wenye jina la chapa. Utaihitaji kama utamrudia muuzaji.

Inafaa kujua kwamba tatizo hili lina historia. Miaka ya 1990 Marekani iliingiwa na homa ya siga, na dunia nzima ikataka zaidi ya kilichokuwapo. Kuba nayo ikapandisha uzalishaji, wasokotaji wapya wakawekwa mezani, na kufikia mwisho wa muongo huo siga za Kuba zilizoziba zikawa kero inayojulikana Ulaya nzima. Dawa ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale viwanda vilipowekewa mashine za kupima upitaji wa hewa. Ubora wake upo katika wakati inapotumika: hupima fungu la ndani likiwa bado halijavishwa jani la nje, ili lililoziba lifunguliwe na kufungwa upya bila kupoteza jani la gharama. Viwanda vingi vya Nikaragua na Dominika vinafanya vivyo hivyo. Siga iliyoziba leo, kwa hiyo, mara nyingi ama ilipita bila kupimwa, ama ilikuwa sawa ikavimbia kwako.

Umbo nalo lina neno lake. Unene wa siga hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Lancero, siga ndefu na nyembamba, yenye unene wa 38 ni kama milimita 15 tu. Fundo dogo linaiziba yote. Nene ya 60, karibu milimita 24, ni nadra kuziba, lakini ndiyo inayoongoza kwa dalili inayofuata.

Dalili: inavutika bila upinzani, inakuwa ya moto

Bonyeza: ukiikuta laini sehemu nyingi wakati unyevu ni sahihi, majani ya ndani ni machache. Hilo ni kosa la kiwandani na halina tiba. Unaweza kulipunguza makali kwa kuvuta polepole, mara moja kwa dakika au hata chini ya hapo, na kwa kuiweka kwenye unyevu wa juu kidogo, 69 hivi, kwa wiki mbili kabla ya kuiwasha. Kama imekauka na inalia ikibonyezwa, tatizo ni ukavu. Irudishie unyevu taratibu kwa wiki kadhaa. Anayeharakisha kwa kitambaa kilicholowa hupata siga iliyopasuka.

Dalili: inaungua upande mmoja

Moto unakimbia upande mmoja, mwingine unabaki nyuma, hadi siga inachongeka kama mtumbwi.

Anza na uwashaji. Wengi huwasha katikati, pembe zikabaki. Shika mguu juu ya moto bila kuugusa, zungusha hadi duara lote liwe jeusi, ndipo uvute. Kisha puliza mguuni kidogo uone kama kaa limeenea sawa.

Pili, upepo. Feni ya dari, dirisha, baraza lililoelekea baharini: upande unaopigwa na upepo hukimbia. Hama kabla ya kulaumu.

Tatu, unyevu usiolingana. Siga iliyolala miezi ikigusa ukuta wa kasha au kifaa cha maji, upande mmoja umenywa zaidi. Zigeuze kila baada ya wiki chache.

Nne, na hapa ndipo kiwanda kinapoingia: jani zito halikukaa katikati. Majani ya juu ya mmea, yanayoitwa ligero, hupata jua zaidi, huwa manene na yenye nguvu, na huungua polepole. Kanuni ni kuyaweka katikati ya fungu, yakizungukwa na majani mepesi ya chini yanayoshika moto haraka. Msokotaji akiyasogeza pembeni, upande ule utachelewa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kurekebisha: gusa upande uliochelewa kwa moto mdogo wa kiberiti cha gesi bila kuvuta, sekunde mbili au tatu. Au lowesha kidole, gusa jani la nje mbele ya upande unaokimbia. Geuza upande uliochelewa uwe chini, moto hupendelea kupanda kutoka huko. Ikirudi kwenye mstari na kubaki, ilikuwa uwashaji au upepo. Ukiigusa mara tatu nayo inarudi pale pale upande ule ule, ni ligero lililokaa vibaya. Isikusumbue sana, ladha yake yaweza kuwa nzuri hivyo hivyo.

Ndugu wa dalili hii ni handaki: ndani kumeungua mbele, jani la nje limebaki zima. Mara nyingi jani la nje limelowa au ni nene na lenye mafuta, kama yale meusi ya Connecticut. Jioni ya pwani yenye unyevu mwingi huleta handaki hata kwa siga iliyotunzwa vizuri, kwani jani la nje ndilo la kwanza kunywa hewa ya nje. Kung'uta majivu, choma ukingo wa jani lililobaki hadi lifikie kaa. Likijirudia siga baada ya siga, shusha unyevu wa kasha lako.

Dalili: inazimika

Unyevu, tena. Ukishaondoa unyevu, angalia mwendo wako: siga iliyoachwa dakika nne tano itazimika, na hiyo ndiyo tabia yake. Iliyoziba huzimika kwa kukosa hewa, kwa hiyo rudi kwenye dalili ya kwanza. Kabla ya kuiwasha upya, ng'oa majivu na puliza mara moja kutoa moshi uliolala ndani. Iliyokaa imezimika zaidi ya saa moja haifai kurudiwa. Uchungu wake haulipi.

Dalili: jani la nje limepasuka au linafumuka

Tazama ufa unaanzia wapi.

Unaanzia mguuni, unapanda kadiri siga inavyoungua: ndani kumevimba kwa unyevu na joto kuliko jani la nje linavyoweza kunyooka. Hutokea sana siga iliyotoka kwenye kasha la unyevu wa 70 ikiwashwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Vuta polepole. Kisha punguza unyevu wa kasha.

Upo katikati kabla hujawasha: iliminywa, iliangushwa, au ilipitia mabadiliko ya ghafla. Siga zinazooneshwa kwenye kabati la kioo chini ya taa, kiyoyozi kikiwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, huja na nyufa hizi tayari. Zikague ukiwa dukani, kwenye mwanga, ukizigeuza.

Linafumuka kichwani: mkato umeshuka mno, au gundi ilikuwa haba. Gundi yenyewe ni ya mimea, haina ladha. Paka tone la maji ya gundi ya namna hiyo kama unayo, au lowesha kwa ulimi, bana kwa kidole dakika moja. Pete ya siga isogezwe juu ya ufa ikiwa inafika.

Aina ya jani ina mchango wake. Jani la nje kutoka Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati, linalosifika kwa chembechembe zake na utamu wake, ni jembamba na hukatika upesi. Ukikuta ufa mdogo kwenye siga ya jani hilo, usiitangaze mbovu. Ukikuta nyufa kwenye siga kumi za jani nene, tena boksi moja, hapo una kesi.

Dalili: uchungu, harufu ya amonia

Uchungu mkali mara nyingi ni kasi ya kuvuta. Punguza. Ukiendelea, angalia kama siga inavutika vizuri; iliyoziba huwa chungu.

Harufu ya amonia, ile inayochoma pua, ni jambo jingine. Tumbaku ya siga huchachushwa kwenye marundo makubwa ambayo hupanda joto lenyewe, hufunguliwa, hupangwa upya, mara kadhaa, na katika kazi hiyo hutoa amonia. Ikifungashwa kabla haijamaliza, harufu huja hadi kwako. Hili ni kosa halisi la kiwanda, la haraka ya kuuza. Lakini ndilo pekee linalopona kwa kungoja: ziache kwenye kasha miezi mitatu hadi sita, ukifungua mara kwa mara hewa ibadilike.

Harufu ya dawa ya wadudu, mafuta ya taa au plastiki iliyoungua haina subira. Usiwashe.

Na usichanganye uchungu wa siga na mwili unaokataa. Siga kubwa ina nikotini nyingi kuliko sigara ya kawaida, mara kadhaa. Jasho la baridi, kichefuchefu, kizunguzungu, kupauka: weka chini, kaa, kunywa kitu chenye sukari. Kutapika kusipokoma, moyo ukienda mbio bila mpangilio, au mtu akizimia, nenda hospitali. Mtoto aliyetafuna kipisi cha siga apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja dalili. Na anayedhani kutomeza moshi kunamwondolea hatari, ajue kwamba saratani ya mdomo, koo na umio huwapata wavutaji wa siga wasiomeza moshi.

Dalili: majivu yanadondoka mapema

Majivu yanayomong'onyoka vipande vipande huashiria majani mafupi ndani au ujazo haba. Siga ya majani marefu hushika majivu ya sentimita mbili bila taabu. Kwa siga ya bei nafuu iliyotangazwa kuwa ya majani mafupi, hilo ni la kawaida. Kwa ya bei ghali, anza kushuku kama ni halisi.

Dalili: unga mweupe, au matundu

Unga mweupe juu ya jani la nje, wengine huuita ua la siga na kuusifu. Mimi nauhesabu kuvu mpaka ithibitike vinginevyo, na hadi sasa sijajuta. Ukiwa juu ya jani la nje tu, futa kwa kitambaa kikavu, tenga siga hizo, shusha unyevu, futa na kasha. Ukiwa mguuni, ndani ya majani, tupa. Wenye rangi ya kijani au bluu, wenye harufu ya uvundo, tupa bila majadiliano, na mwenye pumu asiwe yeye wa kusafisha.

Matundu ya milimita moja au mbili, yaliyo duara, na vumbi laini chini ya boksi: ni fukusi wa tumbaku, Lasioderma serricorne. Mayai yake huwa ndani ya majani tangu kiwandani au ghalani, na huanguliwa joto likipanda. Joto la juu ya nyuzi 24 linampa nafasi, na pwani yetu hukaa juu ya hapo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo fukusi, kwa msomaji wa Mombasa au Dar, ni suala la lini, na siga zozote zisizojulikana zilikopita zigandishwe kabla ya kuingia kwenye kasha.

Namna: ziweke kwenye mifuko miwili inayofungwa, toa hewa, tia kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku tatu au zaidi. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki huko; pima kwanza. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, anza kuhesabu upya. Zikitoka, zikae sehemu ya kawaida ya friji siku moja, kisha nje siku nyingine, mfuko ukiwa umefungwa, ndipo uzifungue. Kuruka hatua hizo ndiko kunakozipasua. Siga zenye matundu tayari tupa, na kasha lenyewe lipigwe brashi kwenye kila pembe.

Dalili: boksi moja, siga tofauti

Hapa ndipo neno ubora usiolingana lina maana yake halisi. Siga moja mbovu katika boksi ni bahati mbaya. Mkono wa binadamu unasokota kama mia kwa siku. Sita katika ishirini na tano ni dosari ya meza fulani, wiki fulani.

Chukua mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima siga zote za boksi, kwani zimekaa unyevu mmoja na unapimia haki. Nyingi zitakaribiana. Iliyozidi wenzake kwa gramu mbili hivi ina uwezekano mkubwa kuwa imeziba. Iliyopungua kiasi hicho itakuwa ya moto na laini. Weka alama ya penseli kwenye nailoni, ziwashe za kawaida kwanza, kisha zile za pembeni. Ukiona uzito na tabia vinakwenda pamoja, sasa una ushahidi unaozungumzika.

Angalia pia ulichonunua ni nini. Boksi la siga za Kuba lenye kifuniko cha kioo ni bandia. Habanos, kampuni inayouza siga za Kuba, haijawahi kutoa la namna hiyo. Boksi halisi lina muhuri wa dhamana wa serikali na, chini ya boksi, maneno yaliyochomwa kwa moto kuwa limetengenezwa kwa mkono kabisa, pamoja na herufi za siri za kiwanda na mwezi na mwaka kwa Kihispania, kwa mfano ABR 22, yaani Aprili 2022. Namba ya muhuri inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya Habanos. Bandia ukizipasua utakuta vipande vilivyofagiwa, wakati mwingine vijiti. Hizo usizirekebishe, hazina cha kurekebisha.

Ile tarehe ina kazi ya pili. Mwishoni mwa Septemba 2022 kimbunga Ian kilipiga Pinar del Río, mkoa wenye tumbaku bora ya Kuba, kikabomoa mabanda mengi ya kukaushia. Juu ya hilo, watu wengi wamehama kisiwa katika miaka hiyo, wasokotaji miongoni mwao. Bei zikapanda, mikono ikabadilika. Mimi siga za Kuba za miaka hii sinunui boksi bila kujaribu mbili tatu za boksi hilo hilo kwanza, na muuzaji asiyekubali kufungua boksi mbele yangu sinunui kwake.

Kumrudia muuzaji

Kabla ya kwenda, hakikisha una majibu ya haya: kipima unyevu umekikagua kwa chumvi, siga zimepumzika, zaidi ya moja zina dosari ile ile. Piga picha chini ya boksi panapoonesha herufi za kiwanda na tarehe, piga picha siga zilizokatwa, na beba tatu ambazo hujazigusa. Iliyovutwa nusu pekee ni maneno matupu kwa muuzaji. Ambazo hazijaguswa anaweza kuzikata mwenyewe na kuvuta hewa mbele yako. Dosari za hewa na fukusi wauzaji wengi makini hukubali kubadilisha, nyufa ndogo hapana, kwa sababu hawana njia ya kujua ulizibeba vipi kwenye boda boda.